Anza na kifuniko: namna ya kuchagua polima ya chipu ya maikrofluidiki

Chukua mfereji wenye kina cha maikroni 100, upana wa maikroni 500 na urefu wa milimita 20. Ni mfereji wa kawaida kabisa katika chipu ya maikrofluidiki, kile kibamba chenye vijia vyembamba ambamo damu, DNA, seli au kemikali hupitishwa kidogo kidogo ili zipimwe. Ukiujaza, unameza maikrolita 1 tu. Kuta zake nne, hata hivyo, zina jumla ya eneo la milimita za mraba 24. Linganisha na kisima kimoja cha sahani ya visima 96 chenye maikrolita 100 ndani: kule kila maikrolita inagusana na takriban milimita moja ya mraba ya plastiki. Kwenye chipu, ujazo ule ule unakutana na ukuta zaidi ya mara ishirini.

Ugumu wa kuchagua nyenzo unaanzia hapo. Plastiki isiyo na neno kwenye chupa inaweza kuharibu kipimo ndani ya mfereji: inanyonya dawa, inashika protini, inaachia kemikali zake, au inawaka mwanga usiotakiwa. Na swali linaloulizwa mara nyingi, "polima ipi ni bora?", halijibiki, kwa sababu huchagui polima peke yake. Unachagua mambo matatu kwa mkupuo mmoja: nyenzo, njia ya kuchonga mfereji, na njia ya kuufunika. Ukishikilia moja, mengine mawili yanakuwa yameshaamuliwa kwa kiasi kikubwa. Kati ya hayo, kinachoachwa hadi dakika ya mwisho ni kifuniko, nacho ndicho kinachovuja.

Nyuzi zote za joto katika makala haya ni za Selsiasi.

Kimiminika, joto, mwanga, hewa

Anza na kile kitakachopita ndani. Maji yenye chumvi hayasumbui karibu polima yoyote. Viyeyushi ndivyo vinavyotenganisha. Asetoni huyeyusha PMMA (akriliki) na polistirini, na huishambulia polikaboneti, lakini COC, ile plastiki ya familia ya olefini zenye pete, haitikisiki nayo. Geuza upande: toluini au heksani huivimbisha PDMS (raba angavu ya silikoni) na kuilainisha COC. Besi kali huikata minyororo ya polikaboneti. Polipropilini na PTFE (Tefloni) huvumilia karibu kila kitu, na kwa sababu hiyo hiyo gundi hazizishiki. Kwa hiyo maneno "inahimili kemikali" kwenye karatasi ya muuzaji hayana maana mpaka uulize: kemikali ipi, kwa saa ngapi, kwa joto gani, na je, kipande kina mkazo, yaani nguvu zilizobanwa ndani ya plastiki yenyewe?

Joto ni rahisi kidogo kwa sababu lina namba. Plastiki ngumu zisizo na fuwele zina joto la kulainika, linaloandikwa Tg. Polistirini hulainika kati ya nyuzi 95 na 100, PMMA karibu na 105, polikaboneti karibu na 145. COC huuzwa kwa madaraja: Topas 8007 ina Tg ya nyuzi 78, 6013 ina 138, na 6017 ina 178. Acha nafasi ya nyuzi 20 hadi 30 kati ya joto la kazi na Tg. Kipimo cha PCR, kinachonakili DNA kwa mizunguko ya joto, hupanda hadi nyuzi 95 mara thelathini au zaidi, hivyo PMMA haina nafasi ya kutosha: haitayeyuka, lakini mfereji utajipinda taratibu kwa presha ya mvuke. Otoklevu (chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi 121 huondoa PMMA na polistirini kabisa. Polikaboneti huvumilia mizunguko michache; PDMS, polipropilini na COC za Tg ya juu hupita. Ukitaka kutumia miale ya gama badala ya mvuke, fahamu kwamba polikaboneti hugeuka njano na polipropilini ya kawaida huwa kavu na kukatika, isipokuwa imeongezewa viungo vya kuikinga.

Mwanga huwakamata wengi. Polikaboneti na polistirini huzuia urujuanimno na pia hung'aa zenyewe zikimulikwa bluu, kiasi cha kufunika ishara hafifu ya fluoresensi, yaani mwanga unaotolewa na rangi ya alama ikimulikwa. COC, PMMA nzuri na PDMS zina mng'ao mdogo zaidi. Ukiweza kuhamishia rangi yako ya alama upande wa nyekundu, tatizo hupungua kwa kila plastiki. Usiamini jedwali pekee. Weka chipu tupu, yenye unene ule ule, ndani ya mashine utakayotumia, ukiwa na kichujio kile kile, kisha usome. Ikiwa kazi ni kupima DNA kwa nanomita 260, plastiki nyingi za kawaida hazitakufaa hata kidogo. Na kama hadubini yako inatumia lenzi ya mafuta, unene wa kifuniko ni maikroni 170, hakuna mjadala.

Hewa husahaulika hadi seli zife. Ukuta wa polistirini au COC karibu haupitishi oksijeni. Seli zilizofungiwa humo zinaishi kwa oksijeni iliyoyeyuka katika maji yanayoletwa. Pampu ikisimama usiku, asubuhi hakuna kitu. PDMS hupitisha oksijeni na kabonidayoksaidi vizuri sana, lakini hupitisha mvuke wa maji pia. Katika inkubeta ya nyuzi 37, chumba cha maikrolita 1 kinaweza kupoteza maji ya kutosha kuongeza chumvi kabla hujaona kiputo chochote. Dawa yake ni kuloweka chipu katika maji usiku kucha kabla ya kupanda seli, kuiweka ndani ya sahani yenye maji pembeni, au kufunika mgongo wake kwa kipande cha kioo.

PDMS: mwalimu mzuri, mzazi mgumu kumwacha

Hapa Kiswahili kinatutega kidogo. Neno "silikoni" linatumika kwa elementi inayotengenezewa vichakata vya kompyuta, na pia kwa ile raba ya kuzibia kingo za sinki. Kisahani kinachochongwa kalibu, lile umbo ambalo PDMS humwagwa juu yake, ni cha silikoni ya kwanza. PDMS ni ndugu wa ile ya pili.

Mwaka 1998 kundi la George Whitesides huko Harvard lilionyesha jinsi ya kumwaga PDMS juu ya kalibu na kuiambatisha kwa plazma ya oksijeni, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme. Mwaka 2000 kundi la Stephen Quake huko Caltech likatengeneza vali za raba hiyo hiyo. Tangu hapo PDMS imekuwa nyenzo ya kwanza ya kila anayejifunza kazi hii, na kwa haki: inaonekana kama kioo, inanakili maumbo madogo kuliko maikroni moja, na chipu inapatikana ndani ya siku moja.

Utaratibu wenyewe, kwa kalibu iliyo kwenye kisahani cha kipenyo cha sentimita 10: ukitaka unene wa milimita 5 unahitaji karibu gramu 40. Pima gramu 40 za resini ya Sylgard 184 (PDMS kwa jina la kibiashara) na gramu 4 za kiivisho, yaani 10 kwa 1 kwa uzito. Zinazozidi zitabaki zimenata kwenye kikombe. Koroga dakika 3 hadi 5 mpaka mchanganyiko uwe mweupe kwa viputo. Usipoona weupe, hujakoroga. Weka ndani ya chombo cha ombwe kama nusu saa. Viputo vitapanda na kutaka kufurika, kwa hiyo chombo kiwe na nafasi mara tatu ya ujazo. Mimina polepole juu ya kalibu iliyokwisha kupakwa mvuke wa silani ili isinate, kisha oveni ya nyuzi 70 kwa saa 2 au zaidi.

Ikitoka ikiwa bado inanata sehemu sehemu, tafuta sababu tatu. Ama uzito haukuwa sawa, ama kukoroga hakukutosha, ama kichocheo cha platinamu kimetiwa sumu. Salfa, amini na misombo ya bati hukiua. Glavu za lateksi zikigusa kalibu zinatosha, kwa hiyo vaa nitrili. Kalibu zilizochapwa kwa printa ya 3D ya resini ni wakosaji wakubwa: mabaki ya resini ambayo hayakuiva huzuia PDMS kuiva mahali hasa zinapogusana, yaani kwenye mifereji. Zisafishe kwa isopropanoli, zimulike urujuanimno, zioke, na hata hivyo ni heri kuzipaka utando wa kinga.

PDMS iliyoiva kwa joto hunywea kama asilimia 1 hadi 2. Kwa mfereji mmoja haina neno. Kwa chipu ya tabaka mbili, mashimo mawili yaliyoachana milimita 20 yanakosana kwa takriban milimita 0.3, na vali haikai juu ya mfereji wake. Panua mchoro wa tabaka la juu mapema.

Kuifunika ni jambo tamu zaidi la PDMS. Safisha uso kwa selotepu, suuza kioo kwa isopropanoli na ukikaushe, weka vyote kwenye plazma ya oksijeni kwa sekunde 30 hadi 60, kisha uvikutanishe ndani ya dakika moja au mbili na upeleke kwenye nyuzi 80 kwa dakika 10 au zaidi. Ukidondosha tone la maji kwenye kona isiyotumika na likatandaa badala ya kusimama, plazma imefanya kazi. Wengi wakiona kiungo dhaifu huongeza muda wa plazma. Mara nyingi hilo huzidisha tatizo, kwa sababu uso hugeuka gamba gumu linalopasuka. Kiungo kizuri huhimili presha ya bari kadhaa. Ukikibandua, raba ndiyo inayochanika.

Uso huo unaopenda maji haudumu. Minyororo mifupi ambayo haikufungamana hupanda kutoka ndani na kurudisha tabia ya kukimbia maji, ambapo tone husimama kwa pembe ya nyuzi 110 hivi. Ndani ya saa chache hadi siku, chipu iliyojazwa kirahisi jana itakataa kujazwa leo. Ijaze maji mara tu baada ya kuifunga na uihifadhi ikiwa imejaa.

Kisha kuna kasoro isiyotibika kirahisi. Watu huchanganya mambo mawili. Kunata ni protini kukaa juu ya ukuta. Kunyonywa ni molekuli ndogo zinazopenda mafuta kuzama ndani ya ukuta wenyewe. Kunata kunapunguzwa kwa kinga: jaza mfereji albumini ya ng'ombe ya asilimia 1, iache nusu saa, suuza. Kunyonywa hakujali kinga hiyo. Angalia log P ya dawa yako, yaani logi ya uwiano wa mgawanyo wake kati ya oktanoli na maji. Ikiwa 3, dawa inapenda oktanoli mara elfu moja kuliko maji. Na PDMS, kwa molekuli kama hiyo, ni bahari ya mafuta iliyouzunguka mfereji. Kuanzia 2.5 hivi, usitoe dozi kwenye chipu ya PDMS bila kupima kilichotoka upande wa pili.

Unaweza kuliona kwa macho. Jaza mfereji rangi ya rodamini B, iache saa moja, suuza kwa maji dakika kadhaa, kisha tazama kwa hadubini ya fluoresensi. Kwenye COC, ukingo wa mfereji ni mstari mkali. Kwenye PDMS mwanga umevuka mstari na kuenea ndani ya ukuta, kama wino kwenye karatasi ya kukaushia. Na ukiendelea kupitisha maji safi, rangi hurudi nje taratibu, jambo baya zaidi: sampuli ya leo inachafua ya kesho.

Plastiki ngumu

PMMA ni rahisi kukata kwa leza ya kabonidayoksaidi na kwa mashine ya CNC (ya kuchonga, inayoongozwa na kompyuta), ni angavu na haina gharama kubwa. Mtego wake ni mkazo. Leza huyeyusha ukingo, ukingo hupoa haraka, na mkazo hubaki umegandia humo. Kipande kinaonekana kizima. Unakifuta kwa ethanoli ili ukisafishe, na mbele ya macho yako nyufa nyembamba kama utando wa buibui zinakimbia kutoka kwenye kila kona. Watu hulaumu bamba au leza, kumbe ethanoli imefungua tu mkazo uliokuwemo. Oka vipande kwenye nyuzi 80 kwa saa 2 hadi 4, bamba nene likipewa muda zaidi, uzime oveni na uviache vipoe humo humo kabla havijaguswa na alkoholi yoyote. Uliza pia kama bamba ni la kumiminwa au la kusukumwa kwenye roli. La kusukumwa hunata chini ya leza, na likipashwa kupita Tg hunywea zaidi upande mmoja, kwa hiyo mashimo ya kifuniko hayalingani tena na ya chini.

Mkazo unaweza kuuona bila kifaa cha bei. Washa skrini ya LCD ikiwa nyeupe tupu, vaa miwani ya jua ya kupolarisha, igeuze mpaka skrini iwe nyeusi, kisha weka kipande katikati. Panapong'aa au kutoa rangi za upinde wa mvua pana mkazo. Njia hii hufaa zaidi kwa polikaboneti na polistirini, ambazo huonyesha rangi kali. PMMA huonyesha hafifu.

Polikaboneti ni ngumu kuvunjika na huvumilia joto la PCR. Lakini hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo ukipashwa ndani ya kalibu hugeuka viputo na kukata minyororo ya polima. Ikaushe kwenye nyuzi 120 kwa saa 2 hadi 4 kabla ya kuigandamiza au kuiyeyusha, na usiiache mezani kwa mapumziko ya chakula baada ya hapo.

Polistirini ndiyo plastiki ya sahani za seli, kwa hiyo mwanabiolojia anayetaka kulinganisha chipu yake na matokeo ya zamani ana sababu nzuri ya kuitaka. Ni dhaifu kwa viyeyushi na hupasuka upesi.

COC, pamoja na COP iliyo karibu nayo sana, ndiyo ninayoiona kuwa jibu la wastani kwa vipimo vya maabara vinavyoelekea kiwandani. Hunywa maji chini ya asilimia 0.01, mng'ao wake ni mdogo, na alkoholi, asetoni na kiyeyushi cha DMSO haviigusi. Adui yake ni mafuta. Alama ya kidole chenye mafuta kwenye kipande chenye mkazo inaweza kuanzisha ufa siku chache baadaye, kwa hiyo glavu si pambo. Kwa kazi ya matone ya maji ndani ya mafuta ya haidrokaboni, tafuta plastiki nyingine au tumia mafuta ya florini.

Polipropilini, PTFE na ndugu yake FEP ni za wenye kemikali kali, na bei yake hulipwa kwenye kifuniko. Resini za printa ya 3D zinafaa kwa viunganishi na kwa mifereji ya nusu milimita kwenda juu, lakini mabaki ya monoma huua seli. Usipandie seli humo bila kuosha na kujaribu kwanza.

Kifuniko

Njia ya haraka ni utepe wa gundi ya kubonyeza. Unakatwa kwa leza au kisu cha mashine, unabandikwa, unasuguliwa kwa roli na kuachwa siku nzima ushike. Kwa jaribio la wiki moja hakuna kinachoushinda. Kumbuka tu kwamba gundi sasa ni mojawapo ya kuta zako nne, nayo hunyonya na kuachia vitu vyake. Alkoholi huilainisha, na presha ikizidi hujibandua kuanzia kwenye kiputo ambacho hukukitoa.

Kuunganisha kwa joto huacha kuta zote za nyenzo moja. Tuseme ni PMMA ya milimita 3 chini na milimita 1 juu. Vipande viwe vimeokwa, vimeoshwa kwa maji ya sabuni laini na kufutwa kwa isopropanoli, na vikavu. Viweke kati ya vioo viwili bapa, presha sawa kila mahali, joto karibu na Tg, dakika 10 hadi 30, kisha vipoe chini ya presha hiyo hiyo mpaka vishuke chini ya nyuzi 60. Joto kamili hutofautiana kwa bamba na bamba, kwa hiyo panda kwa hatua za nyuzi 2, kipande kimoja kwa kila hatua, ukipima kina cha mfereji baada ya kila kimoja. Ukiona pete za rangi kama mafuta juu ya maji, hapo kuna hewa: hapajashika. Ukiona kingo za mfereji zimekuwa za mviringo na kina kimepungua, umepita. Dirisha kati ya hayo mawili linaweza kuwa la nyuzi 4 au 5 tu, na mifereji mipana ndiyo inayolifinya, kwa sababu dari hulala. Upana ukizidi kina mara kumi, weka nguzo katikati.

Dirisha hilo hupanuka ukimulika nyuso kwa urujuanimno na ozoni dakika kadhaa kabla ya kuzikutanisha, maana Tg ya ngozi ya juu hushuka huku ya ndani ikibaki. COC ina ujanja mzuri zaidi: chonga mifereji kwenye 6013, funika kwa filamu ya 8007. Karibu na nyuzi 80 filamu imelainika na kushika, na mfereji, ambao Tg yake ni 138, hata habari hauna. Bila shaka chipu nzima sasa haifai tena kwa joto linalozidi la filamu.

Viyeyushi hushika imara na kwa haraka, lakini mkono mzito huziba mfereji. Usimimine kiyeyushi kwa COC. Iweke juu ya mvuke wa saikloheksani kwa muda mfupi, ndani ya kabati la kunyonya hewa, kisha ibonyeze mara moja. Anza na sekunde chache na uongeze. Uso ukififia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, umekaa mno.

Usijaribu kuunganisha plastiki na kioo kwa joto kali. Plastiki hunywea mara nyingi zaidi ya kioo zikipoa pamoja, na chipu hujikunja kama jani kavu. Kama unahitaji raba ya PDMS juu ya plastiki ngumu, plazma peke yake haitoshi: plastiki hiyo ipitishwe kwenye plazma, ilowekwe katika APTES (silani inayounganisha nyuso mbili) ya asilimia 1 hadi 5 ndani ya maji kwa dakika 20 hivi, isuuzwe na kukaushwa, ndipo ikutane na PDMS iliyotoka kwenye plazma.

Jaribu uvujaji kabla ya kuweka sampuli ya thamani. Maji yenye rangi, presha mara mbili ya ile ya kazi, nusu saa, karatasi nyeupe chini. Rangi ikitambaa kati ya mifereji miwili bila kutoka nje, huo nao ni uvujaji, na ndio unaodanganya matokeo.

Idadi huleta mashine, mashine huleta nyenzo

Kwa chipu kumi au hamsini, PDMS, leza na CNC vinatosha. Kwa mamia, gandamiza kwa joto: pasha plastiki nyuzi 20 hadi 40 juu ya Tg, bonyeza kalibu ya shaba nyeupe, alumini au nikeli, shikilia dakika kadhaa, ipoze chini ya presha, na uitoe ikiwa nyuzi kama 20 chini ya Tg. Usingoje ifike joto la chumba, kwa kuwa plastiki hunywea ikabana vinundu vya kalibu na kuving'oa. Kwa maelfu, plastiki iliyoyeyuka husukumwa kwa presha ndani ya kalibu ya chuma. Kila chipu hutoka kwa sekunde chache, lakini kalibu yenyewe ndiyo gharama, na kuta wima za mchoro wa PDMS hazitoki humo: zinahitaji mteremko wa nyuzi 1 hadi 2.

Huo si mtego pekee wa kuhama kutoka PDMS. Mfereji usio na njia ya kutokea hujaa vizuri kwenye PDMS kwa sababu hewa hupenya ukutani; kwenye COC kiputo hubaki mwisho wa njia daima, na lazima uchore tundu la kupumulia. Vali za raba hazipo tena. Mifereji ya PDMS huvimba kwa presha, kwa hiyo mtiririko uliopimwa mwanzoni ulikuwa mkubwa kuliko utakaoupata kwenye ukuta mgumu. Na maji yaliyojivuta yenyewe kwenye PDMS mbichi ya plazma yatasimama mlangoni mwa plastiki isiyopakwa kitu.

Kabla ya kulipia kalibu ya chuma, chonga chipu kumi kwa CNC kutoka daraja lile lile la plastiki litakalotumika kiwandani, si plastiki ya jina moja tu: "PMMA" mbili zinaweza kutofautiana Tg, viungo vya kukinga mwanga na tabia mbele ya leza. Zifunike kwa kifuniko kile kile cha mwisho. Tano zitumie leo. Tano zijaze vitendanishi, uzifungie kwenye mfuko wake, uziweke kwenye joto la ghala kwa muda utakaoandikwa kwenye lebo, kisha uzipime zile tano upande kwa upande na kipimo cha siku ya kwanza.